Waliongeza Sauti: Maisha ya Kaka Yetu, Fundi Misumari

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye niliyemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Kabla sijaanza, nyote mlioinua simu kurusha mazishi haya, zigeuzeni upande wa mkalimani. Ni huyu dada mwenye blauzi nyeusi, kushoto kwangu. Kwangu hakuna cha kuona. Rafiki za marehemu wanaotufuata kwenye linki ni viziwi, na tangu asubuhi mmewaonyesha mgongo wa baba mdogo na maua. Asanteni. Na wewe mkalimani, nakuomba usinipunguzie makali. Nikikasirika, mikono yako nayo ikasirike.

Kamati ya mazishi, chini ya mwenyekiti wetu baba mdogo, iliniletea wasifu uliokwisha kuandikwa. Ulikuwa laini kama sponji mpya. Ulisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na madaktari wakafanya kila lililowezekana. Niliusoma nimesimama, nikakaa chini, nikausoma tena, kisha nikaukunja na kuwarudishia wenyewe. Huu mlio nao mikononi niliuandika mimi na kuupeleka kwa mchapaji kwa miguu yangu. Baba mdogo ananitolea macho tangu tulipokutana getini. Mimi nauza viatu sokoni, baba, nimezoea kutolewa macho.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mpaka rangi wa mabehewa, na mama yetu huyu aliyekaa mbele. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Mama aligundua siku alipoangusha sufuria nyuma yake, na mtoto akaendelea kuchora sakafuni kwa kipande cha mkaa wala hakugeuka. Baada ya hapo alijitafutia njia zake. Alikuwa akiweka kiganja ukutani na kututangazia treni kabla sisi wenye masikio hatujasikia kitu, halafu anatucheka. Wapo ndugu waliomshauri mama amfungie ndani wageni wakija. Baadhi yao wapo hapa leo, wamevaa vizuri, wanapangusa machozi. Mama hakumfungia.

Mwaka 1978 alipelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Walimu wake waliamini kwamba mtoto kiziwi lazima asome midomo na atoe sauti, kwa hiyo aliyeinua mikono kuongea darasani alichapwa rula kwenye vidole. Lugha ya alama aliipatia bwenini, kwa wavulana wakubwa, taa ikiwa bado inawaka. Fikirieni hilo kidogo. Watoto walichapwa kwa kuongea, ndani ya shule iliyojengwa ili waongee.

Mama alikuwa akienda ofisi ya posta kupiga simu shuleni. Angempigia nani? Mtoto hasikii. Ilipokelewa na matroni, naye matroni alisema, "Mwanao hajambo, anakula vizuri." Miaka yote ya shule mama alimsikia mwanawe kupitia mdomo wa matroni. Likizo moja kaka alirudi nyumbani mkono wa kushoto umepinda. Kumbe alianguka kutoka juu ya ukuta, mkono ukavunjika, ukafungwa vibaya, na muda wote huo alikuwa "hajambo, anakula vizuri." Mama aliuosha ule mkono kwa maji ya moto, akaniita, akaniambia, "Wewe, mwambie akufundishe hayo maneno yao. Yote." Nilifundishwa likizo ile, tumekaa kwenye ngazi ya jikoni, na tangu siku hiyo nikawa simu ya kaka yangu.

Mwaka 1989 aliingia kujifunza kazi katika karakana ya makochi ya mzee mmoja aliyejulikana mjini kote kwa jina la Mzee Sponji. Mzee huyo hakujua alama hata moja, ila alikuwa na macho. Alimshika kijana mkono, akaupitisha juu ya springi za kochi lililobomoka, akamwangalia usoni. Walielewana hapo hapo. Jina la Fundi Misumari lilitokana na tabia yake ya kujaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku nyundo ikipiga. Watu walidhani ndiyo sababu haongei. Kulikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, aliyeusimulia mgongo wa kaka kisa kizima cha ugomvi wake na mkwewe, akamaliza akasema, "Wewe fundi ni msikilizaji mzuri sana, siku hizi hawapo." Kaka alipogeuka na kuona mtu amesimama, alitema misumari yote kwa mshtuko.

Mwaka 1998 alifungua karakana yake mwenyewe mkabala na gereji, na aliiendesha mpaka mwezi huu. Kila aliyeingia humo alipewa jina la alama. Langu lilikuwa ngumi sikioni, yaani simu. Baba mdogo, lile jina lako, mikono miwili inayochora duara kubwa mbele ya tumbo, halikuwa na maana ya "mheshimiwa" kama tulivyokudanganya miaka yote. Viziwi wanacheka huko kwenye linki, nawajua. Nawe cheka, baba. Alikupenda.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1996, na wifi yangu huyu, ambaye naye ni kiziwi na ni mfungaji wa mikate kiwandani. Walikutana kwenye mechi ya mpira ya viziwi, wakapendana, kisha wifi akarudi mji wa kwao. Sasa uchumba utakwendaje? Barua ilichukua wiki mbili. Simu ilikuwepo, ya duka la jirani, lakini wote wawili hawasikii. Basi ikawa hivi: upande huu nashika simu mimi, kaka yuko mbele yangu anaongea kwa mikono. Upande ule anashika kaka yake wifi, dereva wa lori, mwanamume mwenye sauti ya kutetemesha madirisha. Mimi nasema, "Anasema hajalala, anakuwaza wewe tu." Dereva anakohoa, anasema, "Anasema hata yeye. Anasema macho yako mazuri." Mwenye duka alikwenda kumwambia mama kwamba nimepata mchumba wa malori. Tuliona haya, tulicheka, na ndoa ikafungwa. Lakini nataka mjue jambo moja. Watu wale wawili hawakuwahi kusema neno la mapenzi wakiwa mbalimbali bila watu wawili wengine kulisikia. Kaka aliniambia baadaye kwamba kuna mambo mengi alitaka kusema akayameza, kwa sababu mimi ni mdogo wake.

Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1998 na mvulana mwaka 2004. Wote wanasikia, na wote waliongea kwa mikono kabla ya kuongea kwa mdomo.

Nifike sasa kwenye jambo lililobadilisha maisha yake, maana huwezi kumweleza kaka yangu bila kulieleza. Kwa miaka mingi alihangaika na simu za video. Alikwenda kwenye chumba cha kompyuta cha kukodi, akaambiwa asubiri programu ipakuliwe, afungue akaunti, atunge neno la siri, na kwamba rafiki yake wa mji mwingine lazima awe na programu ile ile, ya mwaka ule ule. Wakishapatana hayo yote, picha inaganda. Ninyi picha ikiganda mnaendelea kusikia sauti, mnaongea tu. Kwa kiziwi, mkono ukiganda hewani, neno limekatwa katikati. Alirudi nyumbani akasema mashine zile zilitengenezwa na watu wanaoona picha kama mapambo.

Mwaka 2016 binti yake alikwenda masomoni nje. Wiki ya kwanza alimtumia baba yake ujumbe wenye linki tu, na neno moja: "Bonyeza." Kaka akabonyeza. Ikafunguka kwenye kivinjari, hicho hicho anachosomea matokeo ya mpira. Kikamuuliza kama anaruhusu kamera. Akabonyeza Ruhusu, na binti yake akawa hapo, ana shali shingoni, anamwambia kwa mikono, "Baba, nimekula, usianze." Hakupakua kitu. Hakufungua akaunti wala kutunga neno la siri. Aliisimamisha simu kwenye robota la kitambaa na kuongea mpaka bando likaisha, akaenda kununua jingine, akarudi. Nilimkuta anaizungusha ile simu anatazama nyuma yake. Akaniuliza, "Programu iko wapi?" Nikamwambia haipo, imo ndani ya kivinjari chenyewe siku hizi. Akasema waliotengeneza hiyo lazima wana mtoto aliyesafiri.

Halafu akamtumia mama. Mama, nakuomba radhi kama nitakuliza. Mama alikuwa na simu ya mjukuu, miwani imekaa upande, anabonyeza kila kitu. Alipoona uso wa mwanawe umejaa kioo, alikwenda mbio kuniita, kama alivyozoea, nije nitafsiri. Nikamwambia, "Mama, mimi wa nini? Anakuona." Akarudi mwenyewe. Alijua alama chache za jikoni, basi. Aliinua mkono akamuuliza, "Umekula?" Kaka akamjibu amekula. Mama akasema, "Umekula nini?" Ile ndiyo simu ya kwanza ambayo mama yangu aliwahi kuzungumza na mtoto wake wa kwanza bila mtu katikati. Kaka alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alifunga karakana mapema siku ile, akaja nyumbani, akakaa karibu na mama.

Tangu hapo akawa mhubiri wa linki. Aliwafundisha wazee viziwi wa mji huu na wa miji mingine kwamba hakuna cha kuogopa, ukiulizwa kamera sema Ruhusu, maikrofoni fanya upendavyo, hatuihitaji. Kila Jumatano jioni walikuwa na kijiwe chao, nyuso ndogo ndogo zimejaa kwenye kioo, wanabishana mpira, siasa na bei ya vitambaa. Siku moja alikaribishwa ofisa wa benki awaeleze habari ya mikopo. Akaingia, akatazama, akasema kwa sauti, "Samahani ndugu zangu, wote mmezima maikrofoni, hamsikiki!" Kisa hicho walisimuliana mwaka mzima. Hata alipokuwa mgonjwa wa mafua, ukimuuliza hali, alijibu, "Nimezima maikrofoni tu."

Kwa hiyo mtu asije kusema baadaye kwamba dada yake Misumari alisimama makaburini akatukana teknolojia. Sina ugomvi na linki. Linki ilimpa mama mwanawe. Nina ugomvi na watu, na sasa nawafikia.

Hospitali kuu ya hapa ilikuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Ni huyu huyu aliyesimama kushoto kwangu, ambaye viziwi humwita Dada Mikono. Alikuwepo kila siku ya kazi, anatembea na mgonjwa kutoka dirisha la kadi mpaka maabara mpaka kwa daktari. Mwaka 2021 hospitali ilimwachisha kazi. Badala yake kilinunuliwa kishikwambi kilichofungwa juu ya nguzo ya magurudumu. Kinasukumwa hadi kitandani, kivinjari kinafunguliwa, na mkalimani aliye mji mwingine anatokea. Kwenye sherehe ya uzinduzi walimwita nani apigwe picha? Walimwita kaka yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyejulikana kwa kuwafundisha wenzake. Alikwenda na shati jeupe. Alipopewa nafasi alisema, na Dada Mikono ndiye aliyetafsiri, ikiwa kazi yake ya mwisho pale: "Jambo hili ni zuri kwa usiku na kwa vijiji vya mbali. Msimwondoe Dada. Mgonjwa aliyelala chali, kamera inaona dari. Mgonjwa mwenye dripu mkononi ana nusu ya mdomo." Walimpigia makofi kabla hajamaliza, wakamkata hapo hapo, wakaleta mikasi ya utepe. Ile picha yake anacheka pembeni ya nguzo imetundikwa ukumbini mwa hospitali mpaka leo. Jana nilipita nikaitazama.

Alhamisi, tarehe 6 Februari mwaka huu wa 2025, kaka aliamka vizuri. Siku mbili kabla, binti yake alikuwa amejifungua huko aliko, ndiyo maana hakuweza kusafiri kuja kumzika, na babu alikwisha kumpa mjukuu jina la alama kupitia linki: kidole kimoja kinachogusa kidevu, kwa sababu mtoto ana kishimo. Alikwenda kazini anamwonyesha kila mtu lile jina. Kabla ya adhuhuri alishikwa na maumivu makali kifuani, yakashuka tumboni. Wifi aliitwa kutoka kiwandani, akampeleka hospitali.

Haya nitakayosema nimeyapata kwa wifi, aliyekuwepo, kwa mkalimani wa upande wa pili, aliyenipigia mwenyewe, na kwa muuguzi, aliyekuja nyumbani kwetu akalia mpaka nikampa maji. Muuguzi huyo simlaumu peke yake. Siku chache nyuma kishikwambi kile kilisukumwa kwa mama mmoja aliyekuwa anavuliwa nguo. Kivinjari kikauliza kama kamera iruhusiwe. Muuguzi, kwa kumsitiri mgonjwa wake, akabonyeza Zuia. Alifanya anavyofanya mtu mwenye adabu. Ila kivinjari kikishakatazwa kamera kwenye ukurasa fulani, hakiulizi tena. Kinakaa na jibu lile lile mpaka mtu aingie akalibadilishe. Katika hospitali nzima, hakuna aliyemwambia.

Basi wakamsukumia kaka kile chombo. Mkalimani akatokea, kaka akamwona. Yeye hakumwona kaka, aliona kioo cheusi. Akawaambia wauguzi kwa mdomo, "Siwaoni. Kamera yenu imezuiwa."

Wakajibu, "Mbona sisi tunakuona? Na sauti inakuja vizuri."

Akasema, "Mgonjwa ni kiziwi. Lazima nione mikono yake. Bonyezeni ile alama iliyo pembeni ya anwani, juu, mruhusu kamera."

"Hatugusi hizo, dada. Mtu wa kompyuta amekwenda kula, akirudi ataangalia. Wewe ongea naye tu."

Mmoja wao akainama akaongeza sauti.

Naomba nirudie kwa ajili ya waliokaa nyuma. Kaka yangu alikuwa kiziwi tangu miaka minne, nao waliongeza sauti.

Dripu walikuwa wamemchoma mkono wa kulia, ambao ndio mkono wake wa kuongelea. Wifi alijaribu kuwaeleza, wakamwona ni mwanamke anayepunga mikono. Akaomba karatasi. Wifi na kaka Kiswahili cha kuandika walifundishwa kwa rula kwenye vidole, na katika uchungu ule wifi aliandika maneno mawili: "Tumbo. Mgongo." Wakasoma la kwanza. Wakampa dawa ya vidonda vya tumbo. Maumivu nayo yakazidi kuhama. Wifi anasema kaka alikuwa anaeleza waziwazi, kwa mikono yote miwili, sindano ikiwa ndani: kitu kinachanika, kilianza hapa mbele, sasa kinapita mgongoni, kinashuka. Alikieleza mara nyingi, kila mara kwa nguvu zaidi, kama yeyote kati yenu angepiga kelele zaidi. Nao wakasema mgonjwa anarusha mikono, atang'oa dripu. Wakachukua bandeji, wakamfunga mikono kwenye vyuma vya kitanda.

Walisema ni kwa usalama wake. Wifi alipojaribu kuifungua, walimtoa nje ya pazia.

Alinitumia ujumbe nikiwa sokoni: "Njoo. Wamefunga mikono." Niliacha viatu vya watu chini nikakimbia. Mlinzi wa getini akaniambia saa ya kuona wagonjwa bado. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi ndiye mdomo wake. Akasema hata mdomo una saa zake. Aliniona mchekeshaji. Nilipita nikimsukuma, na kama anataka kunishitaki, jina langu analijua. Nilipofika wodini mikono ya kaka ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Hakukuwa na haja ya kuifunga tena.

Daktari alikuwa mpole. Alinieleza kwamba ni mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, ulichanika, na kwamba ugonjwa huo huua hata waliogunduliwa mapema. Namwamini. Labda angekufa hata hivyo. Lakini daktari akaongeza neno, na neno hilo ndilo lililoniandikisha karatasi hii. Alisema, "Bahati mbaya mgonjwa hakusema kwamba maumivu yalihamia mgongoni."

Alisema, Daktari. Alisema kwa lugha yake, kwa ufasaha, mbele ya mke wake, mpaka mlipomfunga. Mwili wake umebeba alama za bandeji kwenye vifundo vya mikono, mama ameziona alipokuwa akimvisha. Mtu mwenye sauti angezibwa mdomo anapoeleza ugonjwa wake, mngeita polisi. Kwa kaka yangu mmetuletea shada la maua.

Marehemu ameacha mama, ambaye tangu Alhamisi ameshika simu mkononi na hataki mtu aichukue. Ameacha mke, wifi yangu, aliyeishi naye miaka ishirini na minane. Ameacha binti na mkwe walio ng'ambo, mwana ambaye ndiye atakayeiendesha karakana, mjukuu mmoja mwenye kishimo kidevuni, na mimi mdogo wake. Ameacha kijiwe cha Jumatano. Ameacha makochi matatu ambayo hayajafunikwa, na wenyewe wanaombwa wavumilie. Mungu ampe usingizi mtulivu, na ardhi imkalie nyepesi.

Bado neno moja. Wifi ana presha. Jumatatu asubuhi ana kliniki, katika hospitali hiyo hiyo, kwa sababu mji huu hauna nyingine. Atalazwa kwenye kitanda cha aina ile ile, na nguzo ile ile ya magurudumu itasukumwa mbele yake. Tangu juzi ananiambia haendi, afadhali afie nyumbani mikono ikiwa huru. Siwezi kumwambia anakosea.

Mheshimiwa mkurugenzi wa hospitali, nakuona, safu ya tatu, suti ya kijivu. Tunashukuru kwa kufika. Ratiba inasema baada yangu utatoa salamu za rambirambi. Salamu tumezisoma kwenye utepe wa maua. Nafasi hiyo itumie kutujibu: Jumatatu Dada Mikono atakuwepo hospitalini, amesimama karibu na kitanda, au hatakuwepo? Usituambie kwamba mtalifanyia kazi. Usituambie kuhusu kishikwambi kipya. Ndiyo au hapana.

Wachimba kaburi wameweka sepetu chini, nimeongea nao, hawana haraka. Kamera zote zimeelekea panapotakiwa. Naikunja karatasi yangu hapa. Simama, mheshimiwa. Mkalimani anakungoja.